Kufyata na Kufyatua: Lugha ya Kufundishia Udhibiti wa Triga na Usahihi wa Shabaha katika Rivolva ya Mtutu Mfupi

IKISIRI

Makala hii inaeleza sababu zinazoifanya rivolva ya mtutu mfupi kuwa silaha ngumu kulenga kwa usahihi, na inaonesha mchango wa lugha katika kutatua au kuzidisha ugumu huo. Hoja kuu ni kwamba shabaha katika silaha hii hupotea zaidi kidoleni kuliko jichoni, na kwamba kitenzi kilichozoeleka cha kufyatua kinataja sehemu ya mwisho tu ya kazi ya kidole, huku kikiiacha bila jina sehemu ndefu inayoitangulia. Uchanganuzi umeegemea mofolojia ya vitenzi vya Kiswahili na mekanika ya silaha yenyewe. Mifano imechukuliwa katika mazingira ya Ilembula, mkoani Njombe, ambako mtego, gobore, tofali, maziwa na parachichi ni vitu vinavyofahamika. Makala inapendekeza kwamba mkufunzi atenganishe kazi tatu kwa vitenzi vitatu: mkono hukaza, kidole hubonyeza, risasi hufyatuka.

1.0 Utangulizi

Ilembula ni mji mdogo katika Wilaya ya Wanging'ombe, magharibi ya Makambako. Wilaya hiyo imo katika Mkoa wa Njombe, ulioundwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Mkoa wa Iringa. Wakazi wake wengi ni Wabena wanaoishi kwa kilimo na ufugaji, na jina la mji huo hufahamika mbali kwa sababu ya hospitali ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania iliyopo hapo. Bastola si chombo cha kila siku katika mji wa namna hiyo. Silaha ya moto iliyozoeleka katika masimulizi ya vijijini ni gobore, bunduki inayoshindiliwa baruti kupitia mdomoni.

Hata hivyo, vijana wa vijiji kama hivyo ndio wanaojiunga na mgambo, polisi, uhifadhi wa wanyamapori na kampuni za ulinzi. Huko baadhi yao hukutana kwa mara ya kwanza na silaha fupi ya mkononi. Lugha wanayofundishiwa ni Kiswahili, na maneno wanayoyasikia kwa mkufunzi wao tayari yana maana waliyokuja nayo kutoka nyumbani. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inamtaka mtu awe na leseni kabla ya kumiliki silaha. Leseni humpa mtu haki ya kuishika silaha. Haimfundishi kidole chake namna ya kuigusa. Kazi hiyo hufanywa na mafunzo, na mafunzo hufanywa kwa maneno.

Kwa muktadha huo, suala la istilahi katika taaluma hii halihusu usanifu wa lugha peke yake. Risasi iliyokosa shabaha haipotei. Huendelea na safari yake hadi ikutane na kitu kingine. Katika uwanja wa mazoezi kitu hicho ni tuta la udongo. Katika stendi ya mabasi ya Makambako au katika mnada wa mifugo, kitu hicho huweza kuwa mtu asiyehusika. Neno moja lililochaguliwa vibaya darasani linaweza kuwa na gharama ambayo hailipiki.

2.0 Umbo na Utendaji wa Rivolva ya Mtutu Mfupi

Rivolva ni bastola yenye silinda inayozunguka. Silinda hiyo ina vyumba vya risasi, kwa kawaida vitano au sita, na kila chumba huletwa kwa zamu mbele ya nyundo na nyuma ya mtutu. Mmarekani Samuel Colt alipata hataza ya rivolva yake nchini Marekani mwaka 1836. Katika silaha zake za awali mpigaji alilazimika kwanza kuivuta nyundo nyuma kwa dole gumba, kisha kuiachia kwa triga. Mwaka 1851 Mwingereza Robert Adams alipata hataza ya rivolva iliyomwondolea mpigaji hatua ya kwanza: mvuto mmoja wa triga uliizungusha silinda, ukainua nyundo na kuiachia.

Rivolva nyingi zilizofuata ziliunganisha njia zote mbili. Mpigaji anaweza kuinua nyundo kwa dole gumba kisha akagusa triga kidogo tu, au anaweza kuiachia triga ifanye kazi yote. Katika makala hii njia ya kwanza inaitwa njia ya hatua mbili za mkono, na ya pili inaitwa njia ya mvuto mmoja.

Mtutu mfupi ni ule wenye urefu wa takribani inchi 2, yaani sentimita 5. Mifano inayojulikana sana ni Colt Detective Special, iliyoanza kuuzwa mwaka 1927, na Smith & Wesson Chiefs Special ya mwaka 1950, ambayo baadaye ilipewa jina la Model 36. Silaha hizi zilikusudiwa kubebwa chini ya koti na watu wanaofanya kazi wakiwa wamevaa nguo za kiraia. Wabunifu walipunguza urefu, uzito na ukubwa wa kitako ili ifichike kwa urahisi. Kila walichokipunguza kwa ajili ya mbebaji kiliongeza kazi ya mlengaji.

Ugumu wa kwanza unatokana na uzito. Rivolva ndogo ya chuma yenye vyumba vitano huwa na uzito wa takribani gramu 550 ikiwa haina risasi. Nguvu inayohitajika kuvuta triga yake kwa njia ya mvuto mmoja ni sawa na uzito wa takribani kilo 5. Kwa maneno mengine, kidole kimoja kinasukuma kwa nguvu inayokaribia mara tisa ya uzito wa kitu chenyewe kinachotakiwa kisitikisike. Nguvu hiyo ikielekea pembeni hata kidogo, silaha huifuata. Bunduki ndefu yenye uzito wa kilo 4 na triga nyepesi haimpi mwanafunzi tatizo la namna hiyo, kwa sababu uzito wake wenyewe huituliza.

Ugumu wa pili unatokana na safari ya triga. Kwa njia ya mvuto mmoja, triga husafiri umbali unaozidi sentimita moja kabla nyundo haijaanguka. Katika safari hiyo kidole kinazungusha silinda, kinakandamiza springi na kuinua nyundo. Ni kazi ndefu kwa kiungo kidogo, na muda wote wa kazi hiyo ni muda ambao mtutu unaweza kuhama.

3.0 Mofolojia ya Kitenzi Fyatua

Kiswahili kina mnyambuliko unaogeuza tendo kinyume chake. Wanaisimu huuita kauli ya kutendua. Kutoka funga hupatikana fungua, kutoka tega hupatikana tegua, na kutoka ziba hupatikana zibua. Fyatua ni mojawapo ya vitenzi vya jamii hiyo. Mzizi wake ni fyata, wenye maana ya kubana kitu na kukizuia mahali pake, kama inavyosikika katika kufyata mkia na kufyata ulimi. Hivyo basi, kufyatua ni kukiachia kilichokuwa kimefyatwa.

Matumizi ya kila siku yanathibitisha maana hiyo. Mtegaji huupinda mti, huufunga kwa kamba na kuuzuia kwa kijiti. Mnyama akigusa kijiti, mtego hufyatuka. Mfyatua matofali huushindilia udongo ndani ya kalibu, kisha huutoa kwa mara moja. Katika mifano yote miwili kuna hatua mbili zilizotengana kwa wakati: kwanza kitu hubanwa, baadaye huachiwa. Kazi kubwa imo katika hatua ya kwanza, na hatua ya pili ni fupi, nyepesi na ya ghafla.

Gobore hufuata mpangilio uleule. Mwenye gobore hushindilia baruti na risasi, huweka fataki, huivuta nyundo nyuma mpaka ishike, kisha hulenga. Wakati huo silaha imekwisha kufyatwa kikamilifu. Kilichobaki kwa kidole ni kuiachia nyundo, na kitenzi kufyatua kinalitaja tendo hilo kwa usahihi wote. Haishangazi kwamba Kiswahili kilikichukua kitenzi cha mtego na kukipa bunduki. Lugha hii ilikwisha kuonesha uwezo wa namna hiyo ilipoliita zinga la kurushia makombora mzinga, jina la gogo lililotobolewa kwa ajili ya nyuki. Maneno mengine ya uwanja huu yaliingia pamoja na bidhaa: risasi linatokana na neno la Kiarabu lenye maana ya madini ya risasi, baruti nalo lina asili ya Kiarabu, na triga limetoka katika Kiingereza.

Tatizo linaanza pale kitenzi hichohicho kinapohamishiwa kwenye rivolva inayotumiwa kwa njia ya mvuto mmoja. Katika silaha hiyo hakuna aliyefyata kabla. Nyundo imelala, springi imelegea, na kidole kinatakiwa kifyate na kufyatua kwa tendo moja lisilokatika. Sehemu kubwa ya safari ya triga ni kufyata. Kufyatua ni ncha ya mwisho. Mkufunzi anaposema "fyatua", mwanafunzi aliyekulia kati ya mitego na kalibu za matofali husikia amri ya kuachia kitu ghafla. Anafanya kwa uaminifu kile alichoambiwa: anaipitia sehemu ya kufyata kwa kishindo ili aifikie ncha. Mtutu unashuka, risasi inaingia ardhini au upande wa kushoto wa shabaha, na mkufunzi anamlaumu kwa kutolenga vizuri. Huenda alilenga vizuri kabisa.

4.0 Hesabu ya Kosa: Jicho na Kidole

Dai kwamba kosa hutoka kidoleni zaidi kuliko jichoni linahitaji kuthibitishwa kwa hesabu. Rivolva hulengwa kwa kuoanisha alama iliyo juu ya mdomo wa mtutu na mfuo ulio nyuma, mbele ya nyundo. Umbali kati ya alama hizo mbili ndio unaoamua ukali wa kosa. Katika rivolva ya mtutu mfupi umbali huo unakaribia sentimita 10. Katika bastola kubwa ya kulengea shabaha unaweza kufika sentimita 20.

Ikiwa alama ya mbele imehama kwa milimita 1 kutoka katikati ya mfuo, kosa hilo hukua kadiri risasi inavyosafiri. Kwa shabaha iliyo umbali wa mita 7, silaha yenye sentimita 10 kati ya alama zake itakosea kwa sentimita 7. Silaha yenye sentimita 20 itakosea kwa sentimita 3.5. Kwa umbali wa mita 20, makosa hayo yanakuwa sentimita 20 na sentimita 10. Mtutu mfupi haupotoshi risasi zaidi ya mtutu mrefu. Unachofanya ni kumnyima mlengaji kipimo kirefu cha kugundulia kosa lake.

Ipo aina ya pili ya kuhama ambayo wanafunzi wengi huiogopa bila sababu. Mikono ikitikisika kiasi kwamba silaha nzima inasogea pembeni kwa milimita 5 bila kubadili mwelekeo, risasi nayo itasogea kwa milimita 5 tu, iwe shabaha iko mita 7 au mita 20. Mtikisiko wa namna hiyo ni wa kawaida kwa kila binadamu mwenye moyo unaodunda, na hauna madhara makubwa. Kinachodhuru ni kubadilika kwa pembe, na pembe hubadilishwa hasa na kidole kinachosukuma kwa nguvu isiyonyooka.

Kutoelewa tofauti hiyo ndiko kunakozaa kosa la kawaida zaidi. Mwanafunzi huona alama ya mbele ikielea juu ya shabaha, hungoja ipite katikati, kisha huikamata nukta hiyo kwa kuivuta triga haraka kabla haijapita. Anabadilisha mtikisiko wa milimita 5 usiodhuru kwa badiliko la pembe linalomgharimu sentimita nyingi. Haraka yake imetokana na nia njema ya kutaka usahihi. Ushauri unaomfaa ni kukubali alama ielee ndani ya eneo dogo na kuendelea kubonyeza.

5.0 Vitenzi Vinavyoweza Kuchukua Nafasi ya Fyatua

Ikiwa kufyatua hakutoshi, mkufunzi anahitaji kitenzi kingine. Sehemu hii inapima vitenzi vitatu kwa kuangalia tendo ambalo kila kimoja kinaliamsha katika mwili wa msikiaji.

5.1 Kuvuta

Kuvuta ndicho kitenzi cha karibu zaidi, na makala hii yenyewe imekitumia ilipoeleza mekanika ya triga. Kama jina la tendo la mashine kinafaa. Kama amri kwa mwanafunzi kina dosari. Mtu huvuta kamba, huvuta ndoo kisimani, huvuta maksai aliyegoma kuingia katika jembe. Matendo hayo yote huanzia begani, hupitia kiwiko na kumalizikia mkononi. Mwanafunzi aliyeambiwa "vuta" huuhusisha mkono mzima, na kifundo cha mkono hupinda.

5.2 Kukamua

Kukamua kunaonekana kuwa afadhali kwa sababu ni tendo la taratibu na la mkono uliotulia. Mkamuaji wa ng'ombe hafanyi kishindo, asije akapigwa teke. Lakini namna vidole vinavyofanya kazi katika kukamua ndiyo hasa inayotakiwa kuepukwa. Mkamuaji hufunga kiganja kuanzia kidole cha juu kushuka hadi kidole cha mwisho, ili maziwa yasukumwe chini. Mlengaji akifanya hivyo, vidole vitatu vya chini hubana kitako pamoja na kidole cha triga, na mdomo wa mtutu huinama. Katika rivolva ndogo, ambayo mara nyingi kitako chake hakimtoshi hata kidole cha mwisho, kosa hilo ni jepesi kutokea.

5.3 Kubonyeza

Kubonyeza ni kauli ya kutendesha ya bonyea, yaani kufanya kitu kiitike kwa kuingia ndani kinapokandamizwa. Tendo hili ni la kidole kimoja, na nguvu yake huelekea mbele kwa mstari ulionyooka. Udhaifu wake ni kwamba msikiaji anaweza kufikiria swichi ya taa au kitufe cha simu, ambavyo hubonyezwa kwa mguso wa ghafla. Mkoani Njombe upo mfano bora zaidi. Mnunuzi wa parachichi hulishika tunda kwa mkono uliotulia, kisha hulibonyeza kwa kidole kimoja akiongeza nguvu kidogo kidogo mpaka asikie kama limeiva. Halichomi kwa kidole, wala halibani kwa kiganja kizima. Nguvu inakua, mkono haubadiliki, na macho yake yako kwenye tunda.

Mfano huo una kila kinachohitajika isipokuwa kimoja: mnunuzi husimama pale parachichi linapoanza kulainika, ilhali mlengaji hapaswi kusimama. Hivyo mkufunzi anahitaji kuongeza neno mfululizo. Amri inayopendekezwa ni "bonyeza mfululizo", ikitanguliwa na "kaza mkono". Kitenzi fyatua hakitupwi. Kinahamishiwa kauli ya kutendeka, kwa kuwa kinachofyatuka ni risasi. Mlengaji hubonyeza, risasi hufyatuka. Anayebonyeza ipasavyo hajui ni sehemu gani hasa ya sekunde risasi itatoka, na kwa kuwa hajui, mwili wake haupati nafasi ya kujikunyata kabla ya mlio.

6.0 Hatua za Kujenga Udhibiti

Mapendekezo yafuatayo yanahusu mafunzo halali yanayosimamiwa na mkufunzi, na yanatangulia kwa kanuni nne ambazo hazibadiliki: kila silaha ihesabiwe kuwa ina risasi, mtutu usielekezwe kwa kitu ambacho mlengaji hayuko tayari kukiharibu, kidole kikae nje ya triga mpaka alama zimeoana na shabaha, na mlengaji ajue kilichopo nyuma ya shabaha yake.

6.1 Mshiko

Kitako hushikwa juu kadiri inavyowezekana bila kuizuia nyundo, ili msukumo wa kurudi nyuma uingie mkononi moja kwa moja badala ya kuuinua mtutu. Mkono wa pili huzunguka wa kwanza. Nguvu ya mshiko inapaswa kufika kiwango chake kabla kidole hakijaanza kazi na kubaki hapohapo mpaka baada ya mlio. Mkono uliokwisha kukaza hauna nafasi ya kukamua. Ni lazima vidole vyote vikae nyuma ya upenyo ulio kati ya silinda na mtutu. Gesi ya moto hutoka kwa nguvu katika upenyo huo kila risasi inapopigwa, na inaweza kumjeruhi anayeuziba kwa kidole gumba.

6.2 Nafasi ya Kidole

Triga nyepesi inaweza kubonyezwa kwa ncha ya kidole. Triga ya mvuto mmoja ni nzito, na walengaji wengi hutumia sehemu iliyo karibu na kiungo cha kwanza, ambako kidole kina nguvu zaidi. Kipimo cha nafasi sahihi si kanuni ya kitabuni, bali ni alama ya mbele: kidole kikiwekwa mahali panapofaa, alama hiyo haisogei pembeni triga inaporudi nyuma. Baada ya risasi kutoka, triga iachiwe mpaka mwisho wake. Mlengaji anayeiachia nusu huweza kuikuta haijarejea mahali pa kuanzia mzunguko mpya.

6.3 Mazoezi Bila Risasi

Sehemu kubwa ya udhibiti hujengwa bila kutumia risasi hata moja, jambo lenye umuhimu pale risasi za mafunzo zinapokuwa chache. Silinda hufunguliwa, kila chumba hukaguliwa kwa jicho na kwa kidole, na risasi zote huwekwa chumba kingine. Silaha huelekezwa mahali panapoweza kuzuia risasi endapo ukaguzi utakuwa umekosewa. Ukuta mwembamba wa nyumba haukidhi sharti hilo. Baadhi ya silaha za zamani huweza kuharibika zikipigwa zikiwa tupu, hivyo maganda ya mazoezi yasiyo na baruti hutumika.

Mwenzake mwanafunzi huweka sarafu bapa juu ya silaha, karibu na alama ya mbele. Mwanafunzi hubonyeza mfululizo mpaka nyundo ianguke. Sarafu ikidondoka, kidole kimesukuma pembeni au kiganja kimekamua. Zoezi hili humwonesha mwanafunzi kosa lake bila mlio kulifunika, na halimhitaji mkufunzi aseme lolote.

6.4 Kuchanganya Risasi na Maganda Matupu

Uwanjani, mkufunzi huweka risasi katika baadhi ya vyumba na maganda ya mazoezi katika vingine, kisha huifunga silinda bila mwanafunzi kuona mpangilio. Rivolva inafaa sana kwa zoezi hili kwa sababu chumba kisicholipuka hakiisimamishi kazi yake. Nyundo inapoangukia ganda tupu, kila kitu huwa wazi: mtutu ukibaki mahali pake, mwanafunzi amebonyeza, ukiinama kwa ghafla, alikuwa anaupokea mlio kabla haujaja.

6.5 Kusoma Matundu

Matundu katika karatasi ni maandishi yanayoweza kusomwa. Kwa anayetumia mkono wa kulia, matundu yanayorundikana chini upande wa kushoto mara nyingi humaanisha kwamba triga imevutwa kwa kishindo au kiganja kimebana pamoja na kidole. Matundu yaliyo chini katikati huashiria kuusukuma mtutu mbele kwa hofu ya mlio. Matundu yaliyotawanyika kila upande humaanisha kwamba alama hazikuangaliwa, au mshiko ulibadilika kati ya risasi na risasi. Mkufunzi asome kundi la matundu, asihukumu kwa tundu moja.

7.0 Kufyatuka na Uwajibikaji

Pendekezo la kutumia kauli ya kutendeka linaibua hoja inayohitaji kujibiwa. Kauli hiyo humwondoa mtenda katika sentensi. Mtu anaposema "sahani imevunjika", hasemi nani aliivunja. Vivyo hivyo, sentensi "bunduki ilifyatuka", inayosikika mara nyingi baada ya ajali, huielezea silaha kana kwamba ilikuwa na hiari yake. Je, kumfundisha mlengaji kwamba "risasi hufyatuka" si kumpa njia ya kukwepa lawama?

Jibu limo katika mekanika. Rivolva nyingi za kisasa zina kizuizi cha ndani kinachoizuia nyundo isiifikie risasi mpaka triga ivutwe hadi nyuma. Rivolva za zamani zisizo na kizuizi hicho zinaweza kulipuka zikianguka huku nyundo ikiwa imelalia chumba chenye risasi, na hiyo ndiyo sababu wenye busara waliacha chumba hicho kitupu. Ukiondoa hali hiyo na ubovu wa silaha, hakuna kufyatuka kusikotanguliwa na kidole kilichobonyeza. Triga inayodai nguvu ya kilo 5 na safari inayozidi sentimita moja haiguswi kwa bahati mbaya kwa urahisi. Lakini silaha hiyohiyo, nyundo yake ikiwa imeinuliwa, huhitaji nguvu ndogo zaidi na safari fupi mno. Mtu aliyeinua nyundo kwa ajili ya kutisha amekwisha kufyata, na ameiacha hatima ya mwingine kwenye mguso mmoja.

Kwa sababu hiyo, kuvitenganisha vitenzi hakumpunguzii mtu uwajibikaji. Kunauweka mahali pake. "Risasi ilifyatuka" ni nusu ya sentensi. Nusu ya pili ni swali la nani alibonyeza, na kidole chake kilikuwa kinafanya nini ndani ya triga. Mwanafunzi aliyezoea kutaja sehemu zote mbili uwanjani hataweza kuisahau ya kwanza mbele ya mkuu wake au mbele ya familia ya aliyejeruhiwa.

8.0 Hitimisho

Makala hii imeeleza kwamba rivolva ya mtutu mfupi humdai mlengaji kwa sababu tatu zinazoungana: uzito wake mdogo ukilinganishwa na ugumu wa triga, umbali mfupi kati ya alama zake, na safari ndefu ya kidole. Imeonesha kwa hesabu kwamba badiliko dogo la pembe hudhuru kuliko mtikisiko wa kawaida wa mikono. Aidha, imebainisha kwamba kitenzi kufyatua, kilichoutumikia mtego na gobore kwa usahihi, kinaificha kazi ya kufyata ambayo rivolva imeiweka chini ya kidole hichohicho.

Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoanzishwa mwaka 1967, limekuwa na jukumu la kusimamia ukuzaji wa istilahi katika nyanja nyingi. Uwanja wa matumizi salama ya silaha unastahili uangalizi wa namna hiyo, kwa kushirikiana na wakufunzi wanaosimama na wanafunzi uwanjani. Istilahi itakayopatikana haitapimwa kwa uzuri wake katika kamusi. Itapimwa kwa sarafu iliyobaki juu ya mtutu baada ya nyundo kuanguka, na kwa risasi zilizoishia katika tuta la udongo zilikokusudiwa.